Ukiitwa Kichwani: Namna ya Kutumia Wiki Zako za Usingizi Kabla ya Kuchagua Ubingwa

Mwanafunzi wa udaktari akiingia thieta kwa mara ya kwanza, hahitaji kuonyeshwa pa kusimama. Hujipeleka mwenyewe nyuma ya mpasuaji, mikono kifuani, shingo ndefu kama ya mtoto anayechungulia mechi juu ya ukuta wa uwanja. Upande wa pili wa shuka la kijani, kichwani kwa mgonjwa, kuna mtu ameketi kwenye stuli. Anatazama monita, anaandika kitu kwenye karatasi, anaifungua dripu kidogo, anaifunga. Mwanafunzi humtupia jicho mara moja na kujiambia: huyu kazi yake imekwisha, mgonjwa si ameshalala?

Mimi nilisimama nyuma ya mpasuaji siku tano nilipokuwa mwaka wa nne. Hakuna aliyenifanyia ubaya, ila hakuna aliyeniuliza jina wala kunipa kitu cha kushika. Siku ya sita muuguzi wa usingizi, mama wa makamo aliyevaa miwani iliyoungwa kwa plasta, alinikuta nasinzia wima.

"Dokta, umelala kabla ya mgonjwa?"

"Shikamoo sista. Hapana, nasikiliza tu."

"Marahaba. Basi njoo huku kichwani usikie vizuri."

Mezani alikuwa mtoto wa miaka minne aliyekuja kufanyiwa operesheni ya ngiri. Sista aliniweka mahali pake, akanipa maski na mfuko wa kukamua. "Kidole gumba na cha shahada juu ya maski, vitatu vilivyobaki kwenye mfupa wa taya. Mfupa, mwanangu, si nyama. Ukibonyeza nyama ya chini ya kidevu unamziba." Nikakamua. Kifua hakikupanda. Mlio wa oksimita, ambao kwa siku tano nilikuwa nausikia kama kelele nyingine tu za jengo, ukaanza kushuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi. Sikuwa nimefundishwa kwamba mlio ule huzidi kuwa mzito kadiri oksijeni ya damu inavyopungua. Mgongo wangu ulijua kabla ya akili.

Sista hakuninyang'anya maski. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akalinyanyua taya kiasi cha unene wa kidole, akaacha. Kifua kikajaa kama tanga lililopata upepo, na mlio ukapanda tena ngazi zake moja moja. Niliporudi hosteli jioni ile sikuwa bado nimeamua kuwa daktari wa usingizi, lakini ile dharau ya kitoto niliyokuja nayo asubuhi sikurudi nayo.

Ndiyo maana wanafunzi wanaponiuliza kama rotesheni ya usingizi ina maana yoyote katika kuchagua ubingwa, huwajibu kwa swali: ulisimama upande gani wa shuka, na mikononi ulishika nini?

Kwa nini wiki hizi chache ni nzito

Katika vyuo vingi vya udaktari vya ukanda wetu, usingizi hupewa muda mfupi, mara nyingi ukiwa umebanwa ndani ya rotesheni ya upasuaji. Ni wiki mbili hivi, pengine nne. Linganisha na miezi anayokaa mwanafunzi wodi za magonjwa ya ndani, watoto, na wajawazito. Mwanafunzi anayemaliza miaka mitano ya masomo amewaona madaktari wa fani nyingine kila siku, na daktari wa usingizi amemwona kwa kupita. Mtu hachagui njia asiyojua kwamba ipo.

Upungufu wa madaktari hawa tunaulipia. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limependekeza kila nchi iwe na angalau madaktari watano wa fani hii kwa kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Ukipiga hesabu, tungehitaji madaktari wa usingizi zaidi ya 3,000. Hatujakaribia hata kidogo. Mzigo wa kila siku katika hospitali za wilaya na vituo vya afya unabebwa na wauguzi wa usingizi na matabibu waliopata mafunzo ya fani hii, watu wanaostahili heshima kuliko wanayopewa. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na usingizi ulio salama kwa gharama wanayoimudu. Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi. Mipango ni mizuri, lakini mtu wa kukaa kwenye ile stuli hupatikana siku kijana mmoja anapoamua kwamba hapo ndipo pake.

Uchunguzi wa maoni ya wanafunzi, katika nchi tajiri na zisizo tajiri, hurudia mambo yale yale. Kinachovuta ni kazi ya mikono, mwalimu aliyewajali, na kuona fiziolojia ya darasani ikitokea mbele ya macho. Kinachofukuza ni hofu ya mgonjwa kufia mikononi mwako, upweke, vifaa duni, na ile hisia kwamba daktari wa usingizi si daktari kamili. Hili la mwisho linachekesha na kuudhi kwa pamoja. Mgonjwa aliyepona humletea mpasuaji kuku. Aliyemlinda asife wakati anapasuliwa, jina lake halijui.

Tena lugha yenyewe haitusaidii. Wazee bado wanaiita nusukaputi, yaani umekufa nusu. Mgonjwa anasikia neno hilo wodini, anakuja thieta presha imepanda tayari.

Kabla ya Jumatatu

Usije kichwani mikono mitupu. Huhitaji kumaliza kitabu kizima, ila jioni mbili za kusoma zitakufanya uonekane mtu wa kufundishika. Jioni ya kwanza soma njia ya hewa kutoka puani hadi mapafuni, na ujue kinachotokea ulimi unapoanguka nyuma. Ya pili soma dawa tano: ketamini, propofoli, saksamethoniamu, bupivakaini na efedrini. Usikariri dozi pekee. Jiulize kila moja inaifanya nini pumzi na inaifanya nini presha. Ketamini, kwa mfano, humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe na presha yake haianguki kirahisi, ndiyo sababu imekuwa mkombozi wa hospitali zenye umeme wa kubahatisha. Lakini macho hubaki wazi yakicheza, na mate hujaa mdomoni. Usipojua hayo utadhani mgonjwa ameamka.

Jumatatu yenyewe fika saa 12:30 asubuhi, kabla ya mpasuaji na kabla ya mgonjwa. Saa hiyo ndipo mashine inapokaguliwa, na ukaguzi huo ndio somo lisilo na kelele. Oksijeni ipo kwenye silinda? Umeme ukikatika, kuna nini cha kushika? Mashine ya kufyonza mate inavuta? Taa ya laringoskopu inawaka au betri zimekufa? Ambu iko karibu? Ikague mashine pamoja na sista au registra, na umwombe siku ya tatu akuachie uikague peke yako yeye akitazama.

Waambie wote walio thieta jina lako na mwaka wako. Linaonekana jambo dogo. Ila thieta ni mahali ambapo watu wote wamefunikwa nyuso, na mwanafunzi asiyejitambulisha huhesabiwa pamoja na samani.

Omba maski

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza nafasi yao.

Wanafunzi wakija kwangu wanataka kupitisha mpira kwenye koo la hewa. Wameona kwenye filamu. Wanadhani wasipofanya hivyo rotesheni imepotea bure. Mimi huwaambia waombe maski kwanza. Mgonjwa hafi kwa kukosa mpira, hufa kwa kukosa oksijeni, na anayejua kupumulisha kwa maski anaweza kumweka mtu hai mpaka msaada ufike. Ujuzi huo utakufaa hata ukienda kuwa daktari wa ngozi, siku abiria mwenzako atakapoanguka kwenye basi la mkoani.

Tena maski inafundisha mkono. Ukikamua mfuko unasikia pafu lililo laini, pafu gumu la mwenye pumu, na upepo unaovuja shavuni kwa mzee asiye na meno. Utajifunza kwa nini mgonjwa hupewa oksijeni safi dakika tatu nzima kabla ya kulazwa. Unamwekea akiba mapafuni, ili pumzi ikisimama uwe na dakika za kufanya kazi. Akiba hiyo huwa fupi kwa mtoto mdogo, kwa mjamzito na kwa mtu mnene. Ukishausikia mlio wa oksimita ukishuka haraka kwa mjamzito kuliko kwa kijana mwenye afya, hutahitaji kukariri tena.

Halafu omba kuiona ganzi ya mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Usiingie katikati. Mama wa operesheni ya uzazi ameketishwa ukingoni mwa meza, miguu inaning'inia, ameambiwa akunje mgongo kama paka aliyeona mbwa. Ana uchungu, anatetemeka, na chumba ni baridi. Omba kusimama mbele yake umshike mabega, maana hiyo ni kazi kamili, si ya kujipitishia muda. Kisha omba kuwekewa vidole kwenye mifupa ya nyonga pande mbili na ufuate mstari wake mpaka uti wa mgongo, uone sindano inalengwa wapi na kwa nini haiendi juu zaidi. Matone ya maji yaliyo safi kama ya kisima yakitoka kwenye sindano, utasikia chumba kizima kinashusha pumzi.

Baada ya hapo usiondoke. Mama analazwa na kuinamishwa kidogo kushoto, mfuko wa uzazi usilale juu ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Pamba yenye spiriti inapitishwa tumboni kutoka chini kwenda juu na anaulizwa, "Mama, hapa unasikia baridi?" Presha inashuka. Anasema, "Dokta, nasikia kichefuchefu," na monita bado haijaonyesha kitu. Mtu wa kichwani ameshaivuta efedrini. Mwanafunzi aliyekuwa nyuma ya mpasuaji hakuona lolote kati ya haya. Yeye aliona mtoto akitolewa.

Na mtoto huyo atapewa alama dakika ya kwanza na ya tano, zile ambazo wakunga wote wanaziita Apgar. Jina hilo ni la mtu, Virginia Apgar wa New York. Alitaka kuwa mpasuaji, mkuu wake Allen Whipple akamwelekeza kwenye usingizi. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja wa udaktari alimuuliza, wakila asubuhi kwenye kantini ya hospitali, mtoto mchanga atathminiwe vipi. Akachukua karatasi iliyokuwa karibu, akaandika mambo matano. Mwaka 1953 yakachapishwa. Swali lako la kantini usilidharau.

Neno moja kuhusu ruhusa. Mgonjwa aambiwe kwamba kuna mwanafunzi na atashiriki chini ya uangalizi, naye ana haki ya kukataa. Akikataa, mshukuru na urudi nyuma. Wengi hukubali ukijitambulisha wakiwa bado macho, si ukijitokeza dawa ikishaanza kuingia.

Uji si maji

Wapo wanaodhani fani hii haina mazungumzo na wagonjwa. Anayesema hivyo hakwenda wodini jioni ya kabla ya operesheni. Nenda. Mwombe registra akupe mgonjwa mmoja umwone kwanza wewe, kisha umweleze.

Utamwambia afungue mdomo uone koo, utapima shingo inavyokunjuka, utauliza meno ya bandia, pumu, presha, dawa za kienyeji, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi. Na utajifunza namna ya kuuliza. Kanuni ni kwamba chakula kikome saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne, maji meupe saa mbili. Lakini ukimuuliza mgonjwa wetu "Umekula?" atasema hapana kwa moyo safi, kwa sababu uji hunywewa, hauliwi. Chai ya maziwa vilevile. Nimesimamisha operesheni zaidi ya moja kwa ajili ya kikombe cha uji kilichonywewa alfajiri, mgonjwa akishangaa nakasirikia nini. Siku hizi nauliza, "Tangu jana usiku, ni kitu gani kimepita mdomoni?" Somo hilo halimo kwenye kitabu chochote cha fani nilichosoma, nalo limewaokoa watu.

Kisha kuna swali ambalo atakuuliza yeye, kwa kawaida unapogeuka kuondoka: "Dokta, nitaamka?" Usimjibu "usijali". Keti kitandani au vuta kiti. Mweleze atakayekuwa kichwani kwake ni nani, kwamba mtu huyo haondoki mpaka yeye aamke, na ataanza kusikia nini akizinduka. Una dakika kumi za kumfanya mtu asiyekujua akuamini kwa uhai wake. Ukiona dakika hizo zinakupa raha, jiandikie pembeni. Zikikuchosha, jiandikie pia.

Mfuko wa Copenhagen

Kuna hadithi ambayo ningetaka kila mwanafunzi aijue, kwa kuwa inawahusu wanafunzi wenyewe.

Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilipigwa na polio kali. Wagonjwa walioletwa hospitali ya Blegdam walikuwa wamepooza misuli ya kupumulia na kumezea. Mashine za kupumulisha zilihesabika kwa vidole. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo wa aina hiyo, 27 walikufa ndani ya siku tatu. Mwezi Agosti akaitwa daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, na aliyoyaona hayakuwa mageni kwake. Thieta kila siku alikuwa akiwalegeza watu misuli kwa dawa na kuwapumulisha kwa mkono. Akapendekeza wafanyiwe hivyohivyo: tundu kooni, mpira ndani, na mfuko wa kukamua. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12, naye alinusurika.

Lakini nani atakamua mifuko ya wagonjwa makumi, usiku na mchana, kwa wiki na miezi? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Wapatao 1,500 walipokezana zamu kando ya vitanda, wakipumua kwa niaba ya watu kwa mikono yao. Vifo vikashuka chini ya nusu. Kutokana na kazi ile ndipo likazaliwa wazo la wodi ya wagonjwa mahututi, na Ibsen mwenyewe alianzisha mojawapo ya za mwanzo mwaka uliofuata. Ule mfuko unaojijaza wenyewe, ambao leo kila wodi yetu inauita ambu, ulibuniwa na Mdenmark mwingine wa fani hiyohiyo, Henning Ruben, miaka michache baadaye.

Hivyo ukiwa rotesheni ya usingizi, usiishie thieta. Omba siku mbili ICU. Utaona fani hii ina milango mingi kuliko ulivyodhani. Mmoja ni wa wagonjwa mahututi, mwingine wa tiba ya maumivu ya saratani, mwingine wa watoto, mwingine wa kumsafirisha mgonjwa kutoka wilayani akiwa hai. Pita pia chumba cha kuzindukia, ambako wagonjwa hupata matatizo wakati kila mtu anafikiri hatari imepita.

Usiku mmoja, na yasiyosemwa

Omba zamu ya usiku, walau moja. Fani yoyote huonekana nzuri saa nne asubuhi watu wakinywa chai. Saa tisa usiku analetwa mama aliyevuja damu nyumbani tangu jioni, benki ya damu ina chupa moja, na mpasuaji anasema, "Tuanze." Kichwani kuna mtu mmoja anayeamua ni dawa gani isiyomuua. Jitazame moyo wako saa hiyo. Wapo wanaotulia kadiri mambo yanavyoharibika, na wapo wanaoganda. Kuganda mara ya kwanza si hukumu. Kuchukia kuwa hapo kila mara ni ishara.

Nisikufiche mengine. Utafanya kazi peke yako mara nyingi, hasa mikoani. Jambo likiharibika mezani, macho hugeukia kichwani kwanza, hata kosa likiwa kwingine. Dawa kali ziko mfukoni mwako kila siku, na katika nchi nyingi fani yetu inajulikana kwa watu wake walioanza kuzitumia wenyewe kutuliza uchovu. Mwenye historia ya uraibu alifikirie hilo kwa ukweli. Sifa za hadharani ni chache. Kwa upande mwingine, saa zako zina mwanzo na mwisho, na ukimkabidhi mgonjwa mwenzako aliyepokea zamu, unarudi nyumbani bila foleni ya kliniki ikikusubiri kesho. Kwa wengine hiyo ni neema, hasa wenye watoto wadogo.

Sasa jambo ambalo hata wanafunzi wazuri hulikosea. Mwisho wa wiki mbili, wanaamua kwa kuangalia mwalimu. Akiwa mkarimu, fani ni nzuri. Akiwa mkali, haifai. Au wanaamua kwa mashine mbovu waliyoikuta. Hayo ni mambo matatu tofauti, yaani kazi, mwalimu na mahali. Chukua karatasi uyatenganishe. Nilichochukia ni kazi ya kukaa na mgonjwa saa tano bila kuondoka, au ni daktari yule aliyenifokea mbele ya watu? Kama ni daktari, nenda hospitali nyingine kipindi cha likizo ukaone tena, hata siku tatu. Kama ni kule kukaa, basi umepata jibu na ni jibu halali.

Ukijiwekea lengo la kuhesabika, mimi ningesema maski kumi, kanula kumi, ganzi za mgongo mbili ulizozifuata mpaka mgonjwa akaanza kuchezesha vidole vya miguu, na wagonjwa watatu uliowaona wodini kabla ya operesheni, mezani wakati wake, na wodini tena baada yake. Hao watatu wana thamani kuliko hao ishirini wa kwanza. Wahusika wa kufundisha wakisoma hapa, naomba kitu kimoja: mpeni mwanafunzi maski siku ya kwanza, si ya sita.

Ukishavutiwa

Njia ni hii, kwa Tanzania. Ukimaliza miaka mitano ya udaktari, unafanya mwaka mmoja wa utarajali, kisha unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Utarajali ndio nafasi ya pili ya kujipima, na wengi huipoteza kwa uchovu. Omba kwa wakubwa wako uingie kichwani unapokuwa upasuaji na uzazi, hasa zamu za usiku ambapo mikono haitoshi na hakuna atakayekukatalia. Kaa kazini mwaka mmoja au miwili ukiweza, ikiwezekana hospitali ya wilaya, uone fani ilivyo pasipo na bingwa. Halafu shahada ya umahiri ya usingizi, miaka mitatu. Muhimbili inatoa. Kwa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kuna pia chuo cha kikanda cha madaktari wa usingizi, CANECSA, kinachosomesha na kutahini watu wakiwa kazini katika hospitali zilizokubaliwa. Ufadhili wa serikali kwa masomo ya ubingwa upo, na masharti yake hubadilika, kwa hiyo ulizia wizara ya afya mapema, si wiki ya kufunga maombi.

Wazazi wakiuliza kwa nini usiwe mpasuaji, wapeleke wakazungumze na mama yeyote aliyezaa kwa operesheni, wamuulize ni nani alikuwa akiongea naye muda wote ule.

Na kama baada ya haya yote umeona si pako, nenda kwa amani. Mpasuaji aliyewahi kushika maski hujulikana: akisikia kutoka kichwani "subiri kidogo", kisu kinasimama bila maswali.

Jambo la mwisho ni la kiofisi, na wengi hulisahau. Barua ya kukupendekeza iombe kabla hujaondoka rotesheni, au angalau ndani ya mwezi huo, na uchukue namba ya simu ya atakayeiandika. Sisi hupitiwa na wanafunzi wengi kwa mwaka, wote wamevaa maski na kofia. Mimi nawakumbuka wale niliowakuta asubuhi wameshaiwasha mashine.